Somo: Namna Sisi Wazee Tunavyoweza Kuupita Msimu wa Kaskazi kwa Salama

Assalamu alaykum, wazee wenzangu wa Unguja na Pemba, na nyinyi mlio mbali na kwetu. Wengi mmeniomba niandike kwa utaratibu namna mtu aliyevuka miaka 60 anavyopaswa kujitunza katika miezi ya joto, yaani tangu kaskazi, upepo utokao kaskazini, inapoanza kuvuma mwezi wa Disemba hadi masika yanaposhika. Nitaeleza hatua kwa hatua kama nilivyokuwa nikiwaeleza wagonjwa wangu nilipokuwa muuguzi, kisha nitayajibu maswali yaliyoletwa. Neno langu kubwa ni moja, na ningependa lisomwe hata na yule asiyefika mwisho wa somo: mzee asiingoje kiu. Kiu ya mtu mzima huchelewa, na inapofika huwa mwili umekwisha kupungukiwa.

Hatua ya kwanza: Ijue miezi yenyewe

Wakati wa kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, usiku wetu huweza kushuka hadi nyuzi 22 au chini yake, na mtu hujifunika shuka akalala vizuri. Februari na Machi mambo hugeuka. Mchana joto hufika nyuzi 32 na 33, na usiku mara nyingi haliteremki chini ya nyuzi 24, kwa hivyo mwili haupati saa za kupumzika. Mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri hupita juu ya utosi wetu hasa, na hilo hutokea tena mwanzoni mwa Oktoba. Kisha kaskazi inapoanza kulegea na kusi, upepo utokao kusini, haijaingia, katika siku za tangambili, upepo hukatika kabisa na fukuto huwa kubwa kuliko wakati wowote wa mwaka. Siku hizo ndizo za kuangaliwa zaidi, kwa sababu mwili hujipoza kwa jasho linalokauka juu ya ngozi, na hewa iliyokwisha kushiba unyevu hairuhusu jasho kukauka. Mtu hutiririka hari na asipate nafuu yoyote.

Hatua ya pili: Kunywa kwa saa

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kufungamanisha maji na sala. Kunywa gilasi moja baada ya kila sala, moja pamoja na kila mlo, na nyingine moja au mbili baina ya asubuhi na adhuhuri. Kwa hesabu hiyo utakuwa umefika gilasi nane au zaidi bila ya kujilazimisha. Chai, uji mwepesi na maji ya ndimu yote yanahesabika, na dafu ni kinywaji kizuri kwa mtu mwenye figo nzima. Ama mwenye maradhi ya figo asinywe madafu bila ya kumuuliza daktari wake, kwani yana potasiamu nyingi ambayo figo dhaifu haziwezi kuitoa. Vilevile mwenye moyo uliochoka, ambaye amewekewa kiwango cha maji, afuate kiwango hicho na aulize kama kinafaa kubadilishwa katika miezi ya joto.

Najua kinachowazuia wengi kunywa, ingawa wanaona haya kukisema. Ni hofu ya kuamka usiku, hasa pale choo kilipo nje uani, njia ina giza na kizingiti kiko juu. Jambo hili lina dawa yake. Maji mengi yanywewe tangu alfajiri hadi alasiri, na baada ya Isha yapunguzwe, lakini yasiachwe kabisa. Mwekeni mzee ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda, na taa ambayo mkono wake unaifikia pale alipolala. Wajukuu wasilione hilo kuwa ni aibu, wala mzee asijione amekuwa mtoto. Mzee anayelala na kiu kwa kuogopa kuamka huamka asubuhi na kizunguzungu, na kizunguzungu hicho ndicho kinachomwangusha na kumvunja nyonga.

Mizani ya kujipimia ni mkojo. Ukiwa na rangi ya majani makavu yaliyofifia, umekunywa vya kutosha. Ukiwa mzito kama chai ya rangi, ongeza maji siku hiyohiyo.

Hatua ya tatu: Zipange saa za kutoka

Tangu saa tano asubuhi hadi saa kumi alasiri, aliye na hiari abaki kivulini. Kwenda sokoni Darajani au Chake Chake kuwe asubuhi mapema, na siku ya kuchukua Pensheni Jamii, yaani fedha za uzeeni ambazo tangu 2016 Serikali ya Zanzibar huwapa wenye miaka 70 na zaidi, aende na mtu wa kumsaidia, chupa ya maji na kigoda. Penye karafuu za kuanika, mzee azigeuze asubuhi na jioni, na katikati ya mchana ulinzi wa majamvi uwe wa vijana.

Wapo ambao hawana hiari, nao ni kina mama wa mwani. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa na kutoka kuliko kawaida, maji yetu hukupwa sana karibu na saa nne asubuhi, kwa hivyo mwenye shamba la mwani Paje, Jambiani au pwani za Pemba hujikuta katikati ya jua kali, ameinama, na maji ya bahari yakimrudishia mng'aro usoni. Kwake nasema hivi: kunywa gilasi mbili kabla hujashuka pwani, chukua chupa yako ndani ya ndoo, na kanga ya pili ichovye majini uitupie kichwani na mabegani, kisha uichovye tena kila inapokauka. Ukihisi misuli ya mapaja inakaza au kichwa kinagonga, toka majini hata kama kamba za mwani hazijafungwa zote, kwani kwa kawaida bamvua huendelea siku kadhaa na kesho maji yatakupwa tena.

Hatua ya nne: Nyumba na usiku

Nyumba za zamani za mawe zilijengwa na watu waliolijua joto hili. Kuta ni nene, dari ziko juu, ua uko katikati, na nje pana baraza inayopata kivuli na upepo wa kichochoro. Nyumba nyingi tunazokaa sasa ni za matofali ya saruji na mabati, na bati lisilo na dari chini yake huumwagia joto mwili wa aliyelala mchana kutwa. Kama watoto wako wanakuuliza wakufanyie nini, waambie wakutilie dari, au walipake bati rangi nyeupe, na waache nafasi juu ya ukuta ambapo hewa moto itatokea. Nyumba ya makuti haina haja ya hayo.

Madirisha yanayopigwa na jua yafungwe pazia tangu asubuhi, na jioni, nje kunapokuwa na ubaridi kuliko ndani, yote yafunguliwe kwa pande mbili ili upepo upite. Wengine hutundika shuka mbichi dirishani. Katika nchi kavu hilo hufaa sana, lakini kwetu huzidisha unyevu chumbani, na ni bora maji hayo uyatie mwilini mwako. Chukua kanga kuukuu, ichovye, ikamue, uijifunike kifuani na miguuni, kisha ukae mbele ya feni. Au tumbukiza miguu katika beseni la maji hadi juu ya vifundo, ukajipepea. Nafuu yake huonekana baada ya muda mfupi.

Kuhusu chandarua, msikiache kwa sababu ya joto, kwa kuwa malaria ni adui mkubwa zaidi kwa mzee. Chandarua hupunguza upepo wa feni, kwa hivyo feni isiwekwe mbali au juu ya dari peke yake. Iwekwe chini, upande wa miguu, karibu na kitambaa, na chandarua kivutwe vizuri pembe zote ili kisimlalie mtu usoni.

Umeme unaweza kukatika, na waliokuwapo Unguja hawajasahau Disemba 2009 hadi Machi 2010, tulipokaa kaskazi nzima bila ya umeme wa gridi. Tuliivuka kwa upepeo wa ukindu, kwa kulala ukumbini na mlango wazi, na kwa kuoga kabla ya kulala bila ya kujifuta sana. Upepeo usikosekane nyumbani hata leo.

Hatua ya tano: Mavazi

Pamba nyepesi, rangi hafifu, nguo pana. Kanzu na msuli vinatosha kwa wanaume. Baibui jeusi zito, hasa la nailoni, livaliwe kwa safari fupi, na chini yake iwe kanga au dera la pamba.

Hatua ya sita: Dawa na dalili

Baadhi ya dawa za presha humfanya mtu akojoe sana, na baadhi ya dawa za usingizi na za akili huzuia jasho. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Kabla ya Disemba, nenda nazo zote ndani ya mfuko mmoja kwa daktari, umuulize ipi inahitaji kupunguzwa msimu wa joto.

Kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchoka kusiko na sababu na misuli kukaza ni dalili za mwanzo. Mhusika alazwe penye ubaridi, anywe maji taratibu, na kama anaharisha au ametoka hari nyingi, apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa juu, visifanye kilima. Lakini mzee anapoanza kusema maneno yasiyoeleweka, akashindwa kuwatambua watoto wake, akayumba au akaanguka huku mwili ukiwa moto sana, hiyo ni hatari ya kifo. Mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima, mmpepee, mmwekee vitambaa vya baridi shingoni, kwapani na kwenye manena, na wakati huohuo itafutwe gari ya kumpeleka Mnazi Mmoja, Chake Chake, Abdalla Mzee kule Mkoani, au hospitali yoyote iliyo karibu. Msimnyweshe kitu akiwa hana fahamu. Nawaomba sana, watu wasianze kwa kumtafutia mganga wakidhani amepandwa na shetani. Kisomo kinaweza kufuatia akiwa amekwisha kupozwa na kufikishwa kwa daktari.

MASWALI YA WANACHAMA

Bibi kutoka Wete anauliza: Mama zetu walitukataza maji ya barafu wakisema yanaleta kifua na baridi yabisi. Je, ni kweli?

Jibu: Bibi yangu, maji ya baridi hayaleti baridi yabisi, wala hayazai ugonjwa wa kifua, ingawa mwenye pumu au meno mabovu anaweza kuudhika nayo. Ikiwa huyapendi, maji ya mtungi yanatosha kabisa. Kinachotakiwa ni kunywa, na utakunywa zaidi kinachokupendeza.

Mzee anayeishi Muscat anauliza: Huku kwetu kiangazi hupita nyuzi 40 na ninaishi vizuri, lakini nikija Unguja mwezi wa Februari nyuzi 32 zinanilaza. Sababu ni nini?

Jibu: Kaka yangu, huko unatoka kwenye kiyoyozi cha nyumba ukaingia kwenye cha gari, na mwili wako haulibebi joto lile kwa saa nyingi mfululizo. Hapa unakaa ndani ya joto na unyevu mchana na usiku. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea, na katika muda huo hujifunza kutoa jasho mapema na kuhifadhi chumvi. Ukija, siku za mwanzo usizijaze ziara za jamaa na mazishi ya mchana; anza kwa kutembea jioni.

Mama kutoka Chwaka anauliza: Ramadhani siku hizi inaangukia Februari na Machi. Nina sukari na presha, na sipendi kula mchana watu wanafunga.

Jibu: Dada yangu, kufunga kwetu miezi hiyo ni zaidi ya saa 13 bila ya tone la maji, nako ni kwenye kilele cha joto. Mwenye sukari, hasa anayejidunga sindano, akutane na daktari mwezi mmoja kabla. Ukiruhusiwa kufunga, daku icheleweshwe, maji yanywewe kidogokidogo tangu futari hadi daku, na vyakula vya chumvi nyingi viachwe. Ukikatazwa, dini imekwisha kukupa njia: Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 184, imetaja fidia ya kumlisha maskini kwa asiyeweza kufunga. Kuifuata ruhusa hiyo nako ni ibada, na muulize sheikh wako namna ya kuitoa.

Babu kutoka Makunduchi anauliza: Mimi joto silijali, kusi ndiyo inayoniumiza. Magoti hukaza kila asubuhi.

Jibu: Mzee wangu, ubaridi wa kipupwe hukaza misuli na maungio yaliyokwisha kulika, na upepo wa kusi upande wenu wa pwani haupungui. Oga maji ya moto asubuhi, yakunje na kuyakunjua magoti ukiwa bado kitandani, vaa soksi usiku, na usikae muda mrefu bila ya kutembea. Goti likivimba na kuwa la moto, hilo si la baridi, lionwe hospitalini.

Mwanachama kutoka Mkoani anauliza: Mume wangu anatumia insulini na hatuna friji. Tufanye nini kaskazi ikifika?

Jibu: Dada yangu, chupa ambazo hazijafunguliwa ziombewe nafasi katika friji ya kituo cha afya au ya jirani mwaminifu, mbali na sehemu inayogandisha, kwa sababu insulini iliyoganda haifai tena. Ile inayotumika, aina nyingi hukaa karibu wiki nne ikiwa joto halizidi nyuzi 30, na chumba chenu mchana kitazidi hapo. Chukueni chungu kidogo cha udongo mkitie ndani ya kikubwa, katikati mjaze mchanga, mchanga huo uwe unamwagiwa maji asubuhi na jioni, na juu mfunike kitambaa kibichi. Dawa itiwe ndani ya kopo kavu lenye kifuniko, na vyungu viwekwe kivulini penye upepo. Katika siku zenye unyevu mwingi vyungu havipozi sana, kwa hivyo mpime sukari yake mara nyingi zaidi, na ikipanda bila ya sababu, badilisheni chupa.