Jinsi ya Kutunga Fumbo la Mashabiki wa Queen, Hatua kwa Hatua

Fumbo ninalopenda kuwatungia mashabiki wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, ni lile ambalo herufi za mwanzo za majibu, zikisomwa kutoka juu kwenda chini, huunda neno lililofichwa. Hata anayejua nusu tu ya majibu huweza kulikisia neno hilo, kisha akarudi nalo kwenye maswali yaliyomshinda.

Hatua ya kwanza ni kuchagua neno la siri kabla ya kuandika swali lolote. Langu ni MALKIA, kwa sababu ndiyo maana ya jina la bendi. Swali la mahali alipozaliwa mwimbaji wao, Freddie Mercury, liache kabisa, kwani huku kwetu atakayeshindwa kulijibu kwa neno Zanzibar ni nadra.

Hatua ya pili ni kutafuta majibu yanayoanza na herufi hizo. Nilipata haya: Montreux, A Night at the Opera, Live Aid, Knebworth, Innuendo na Adam. Kwa herufi ya pili nilikuwa nimeweka "astrofizikia", fani ambayo mpiga gitaa Brian May aliipatia shahada ya uzamivu mwaka 2007, lakini mtu mwingine angeandika "fizikia ya nyota" na fumbo lote likaharibika. Majina ya watu, miji na albamu ndiyo salama, maana hayana tafsiri mbili.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kazi yenyewe, ni kuandika vidokezo visivyokubali jibu la pili. Ukiuliza ni nani aliyeimba na Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor baada ya kifo cha Freddie, utapata Paul Rodgers na Adam Lambert, na wote wawili ni sahihi. Kwa hiyo ongeza kwamba ni Mmarekani aliyejulikana kupitia shindano la American Idol mwaka 2009. Vivyo hivyo, ukisema "albamu ya mwisho yenye sauti ya Freddie", shabiki makini atakujibu Made in Heaven ya mwaka 1995, ilhali wewe ulikusudia Innuendo, iliyotoka Februari 1991, miezi michache kabla hajafariki tarehe 24 Novemba. Andika: "albamu ya mwisho ya studio kutolewa Freddie akiwa hai". Nayo A Night at the Opera ina jina la filamu ya Marx Brothers, wachekeshaji wa Kimarekani, lakini albamu iliyoifuata, A Day at the Races, nayo ina jina la filamu yao nyingine, kwa hiyo usisahau kutaja mwaka 1975.

Vilivyobaki ni vyepesi. Montreux ni mji wa Uswisi ulio kando ya ziwa, ambako bendi ilimiliki studio na ambako sanamu ya Freddie imesimama. Knebworth ni mahali walipofanya onyesho lao la mwisho pamoja naye, tarehe 9 Agosti 1986. Live Aid, tamasha la tarehe 13 Julai 1985 walilotumbuiza Wembley, ni swali la kumtia moyo mshiriki mgeni.

Hatua ya nne ni kuweka kanuni za uandishi juu ya ukurasa: majina ya albamu yaandikwe kama yalivyo kwenye jalada, pamoja na ile "A" ya mwanzo, na mtu aandikwe kwa jina lake la kwanza, la sivyo Lambert atakuletea L mahali pa A.

Mwisho, chora mistari sita ya visanduku, ukitia kivuli kisanduku cha kwanza cha kila mstari, kisha mpe fumbo rafiki mmoja anayeipenda bendi na mwingine anayeifahamu kwa mbali tu. Kaa kimya wakijaribu, na kila kidokezo kitakachowafanya wakuulize "unamaanisha yupi?" kiandike upya kabla ya kuwapa wengine.