Kurudi Uwanjani Baada ya Kubadilishiwa Nyonga

Jumatatu asubuhi ndiyo siku yangu ya wachezaji. Anaingia mtu wa miaka hamsini na kitu, nyonga yake mpya ina miezi mitatu, haikumuuma tena, basi Jumapili akaingia uwanjani na wenzake. Sasa hawezi kupanda ngazi.

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo hapa Nairobi, na jambo ninalolirudia kila wiki ni hili: maumivu huisha mapema, misuli huchelewa. Daktari wa mifupa ameondoa gegedu (utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) lililosagika na mfupa uliokuwa ukisuguana, ndiyo maana huumwi. Lakini misuli ya matako na ya kando ya nyonga, iliyolegea miaka yote uliyokuwa ukichechemea, hakuibadilisha. Hiyo ni kazi yako. Hatua hizi ni za aliyebadilishiwa nyonga nzima; neno la daktari wako likitofautiana na langu, shika lake.

Hatua ya 1: Ijue nyonga yako

Kabla ya kutoka hospitalini, uliza na uandike: kiungo kiliingizwa kutokea upande gani, mbele, kando au nyuma? Mikao gani umekatazwa, na hadi lini? Wengi waliopasuliwa kutokea nyuma huambiwa wasikunje nyonga kupita pembe ya digrii 90, wasipishanishe miguu, wala wasiugeuze mguu kwa ndani. Mikao hiyo ndiyo inayoweza kuchomoa kiungo.

Hatua ya 2: Wiki sita za kwanza, nyumbani

Tembea kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na uchezeshe vifundo vya miguu ili damu isigande. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Makatazo huvunjwa zaidi nyumbani kuliko uwanjani. Choo cha kuchuchumaa hakifai kabisa kwa sasa. Seremala wa mtaani anaweza kukutengenezea kiti imara chenye tundu. Sofa linalokumeza liache, keti kwenye kiti cha meza ya kulia. Anayeswali aswali akiwa kitini, asisujudu chini mpaka aruhusiwe. Kwenye matatu epuka viti vya nyuma ambako magoti hupanda kifuani, na bodaboda isubiri. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, uliopasuliwa hutangulia kushuka.

Hatua ya 3: Ondoa kuchechemea

Hapa ndipo watu huniona mkali. Karibu kila mgonjwa hushika mkongojo upande wa mguu uliopasuliwa. Ushike kwa mkono wa upande wa pili, wa mguu mzima. Unapokanyaga kwa mguu wa kulia, misuli ya kando ya nyonga ya kulia ndiyo huzuia kiuno kisizame kushoto. Mkongojo ukiwa mkono wa kushoto huisaidia kazi hiyo. Ukiwa mkono wa kulia unakufundisha kuegemea upande huo, na mwegemeo huo utakaa nawe hata mkongojo ukishawekwa stoo.

Usiuache kwa sababu majirani wanakutazama. Mwombe mtoto akurekodi kwa simu ukitembea kutokea nyuma, kisha angalia mshipi wako wa kiunoni. Ukiyumba kila unapokanyaga, mkongojo bado ni wako.

Hatua ya 4: Jenga misuli, takriban wiki ya 6 hadi ya 12

Daktari akisharuhusu, mazoezi manne yanatosha, siku tatu au nne kwa wiki. Lala chali ukiwa umekunja magoti, inua makalio, hesabu tano, shuka. Lala kwa upande wa mguu mzima, mto katikati ya magoti, inua mguu wa juu ukiwa umenyooka. Inuka kitini bila kutumia mikono. Panda kidaraja kimoja cha ngazi na kushuka, taratibu. Ongeza baiskeli ya mazoezi, tandiko likiwa juu. Misuli kuchoka ni sawa. Maumivu ya kuchoma ndani ya kinena si sawa, punguza.

Hatua ya 5: Mtihani

Miezi mitatu kwenye kalenda haikupi ruhusa. Simama kwa mguu uliopasuliwa mbele ya kioo, sekunde 30, kiuno kikiwa sawa. Kisha inuka kitini mara 15 bila mikono, ushuke ghorofa moja bila kushika reli. Fundi mmoja wa Buruburu alifeli sekunde hizo 30 mara nne, kila baada ya wiki mbili. Alikasirika, lakini alirudi kila mara. Leo anacheza tenisi ya wawili wawili, wala hachechemei.

Hatua ya 6: Chagua mchezo

Anza na kutembea katika Msitu wa Karura hapa Nairobi. Njia zake za udongo ni laini kuliko lami; kilomita mbili tambarare kwanza, njia ya kwenda kwenye maporomoko iache kwa sababu ya mteremko. Kuogelea ni kuzuri kidonda kikishapona, ila teke la chura lisubiri kwa kuwa linazungusha nyonga. Gofu pia: Tom Watson, mchezaji gofu wa Marekani, alibadilishiwa nyonga mwaka 2008, na mwaka 2009, akiwa na miaka 59, alifika hadi mashimo ya nyongeza ya kuamua bingwa wa The Open, mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza.

Wengi hunitajia Andy Murray, mchezaji tenisi wa Uingereza, aliyepasuliwa nyonga Januari 2019 na kushinda mashindano ya Antwerp, Ubelgiji, Oktoba mwaka huo huo. Yeye alivishwa kofia ya chuma juu ya kichwa cha mfupa wa paja, hakukatwa kichwa hicho chenyewe, na alikuwa mwanamichezo wa kulipwa wa miaka 31. Usijipime kwake.

Mbio za kila siku, mpira wa kikapu na soka la kugongana, madaktari wengi wa mifupa hawayashauri. Najua soka la Jumapili ni zaidi ya soka, ni ndugu na marafiki wa miaka ishirini. Waombe wenzako mcheze kwa kutembea, bila kukimbia wala kugongana, kama wanavyofanya wazee wengi Uingereza.

Hatua ya 7: Mechi ya kwanza

Cheza dakika 20, kisha toka, hata kama mwili unataka zaidi. Uamuzi hutolewa asubuhi inayofuata. Ukiamka unachechemea, au kinena kinauma, pumzika mpaka kitulie, kisha rudi na dakika 10. Ukishuka ngazi kama kawaida, Jumapili ijayo cheza dakika 25.