Kupita loki za Kennet and Avon kwa boti, kutoka Reading hadi Bristol

Mfereji wa Kennet and Avon unakata kusini mwa Uingereza kutoka Reading, pale mto Kennet unapoingia Thames, hadi Bristol. Ni kilomita 140 hivi, na njiani kuna loki 105, yaani vyumba vya maji vinavyopandisha na kushusha boti. Kwa hakika si mfereji mmoja bali njia tatu zilizoungwa: mto Kennet, uliotengenezwa ukapitika hadi Newbury mwaka 1723, mto Avon kati ya Bath na Bristol, uliofunguliwa 1727, na mfereji wa kuchimbwa uliounganisha mito hiyo miwili, kazi ya mhandisi John Rennie, uliokamilika 1810. Anayeshika usukani lazima ajue yuko sehemu ipi. Mferejini maji yamelala. Mtoni yanakwenda, na mvua ya usiku mmoja hugeuza njia nyepesi kuwa ya hatari.

Boti za likizo hukodishwa bila kudai cheti cha unahodha. Unapewa maelekezo mafupi, unakabidhiwa funguo, unaondoka. Kuendesha utajifunza njiani. Loki haifai kujifunzwa kwa kukosea.

Viungo vya loki

Loki ni chumba kirefu cha mawe au matofali chenye milango mizito kila mwisho. Hapa vyumba ni vipana, zaidi ya mita 4, hivyo boti mbili nyembamba za mita 2.1 hukaa ubavu kwa ubavu. Milango ya kila upande ni miwili na hukutana kwa pembe, ncha ikielekea maji ya juu, ili maji yenyewe yaibane. Juu ya kila mlango kuna boriti ndefu ya kusukumia. Chini ya maji kuna vilango, yaani vibao vinavyopandishwa kufungua tundu la kupitisha maji. Vilango vya ardhini hupitisha maji kwenye njia iliyochimbwa pembeni ya chumba. Vilango vya mlangoni humwaga maji moja kwa moja kupitia mlango.

Kilango hupandishwa kwa hendeli, chuma chenye umbo la herufi L na tundu la pembe nne mwishoni. Unaichomeka kwenye mhimili, unazungusha, na mtaimbo wenye meno unapanda. Ulimi mdogo wa chuma hudondokea kwenye gurudumu la meno ili kilango kisirudi. Hapo ndipo watu huvunjika mikono. Ulimi ukiteleza huku hendeli imeachwa kwenye mhimili, kilango huanguka kwa uzito wake na hendeli huzunguka kwa kasi au kurushwa. Hakikisha ulimi umekaa, kisha chomoa hendeli hapo hapo, hata kama unarudi baada ya dakika moja. Kushusha kilango ni kwa kuzungusha, si kwa kuinua ulimi na kuacha kianguke. Beba hendeli mbili au tatu, kwa sababu moja itaishia majini.

Kiungo kibaya kuliko vyote hakionekani loki ikiwa imejaa: kizingiti. Ni ukingo wa mawe au zege chini ya milango ya juu, unaotokeza ndani ya chumba. Mstari mweupe uliopakwa ukingoni mwa loki unaonyesha kinapoishia.

Kupanda

Simamisha boti kwenye gati ya kusubiria na umtume mtu akaangalie maji. Chumba kikiwa kimejaa, tazama kwanza kama kuna boti inayoshuka. Kama ipo, ipishe. Maji hayo ni yake. Hesabu mwenyewe: chumba cha urefu wa mita 22, upana wa mita 4.3 na kimo cha mita 2.5 kina lita zipatazo 236,000, na zote huteremka kila loki inapomwagwa. Kilele cha mfereji huu hakina mto wa kukilisha. Maji hupandishwa kwa pampu kutoka Crofton, mahali ambapo injini ya mvuke ya mwaka 1812 bado ipo. Kwa hiyo kusubiri dakika kumi ili mpite boti mbili pamoja ni wajibu.

Kama hakuna inayoshuka, mwaga chumba kwa vilango vya chini. Maji yakilingana na ya chini, sukuma boriti kwa mgongo, miguu ikikanyaga matofali yaliyoinuliwa ardhini. Ukiona mlango hausogei, acha kuhangaika nao. Tofauti ya sentimita 10 tu, juu ya sehemu ya mlango ya upana wa mita 2.3 na kina cha mita 1.5, inasukuma kwa uzito wa kilo zaidi ya 300. Maji yakisawazika, mlango utafunguka kwa msukumo wa mtu mmoja.

Ingia polepole. Boti haina breki, ina rivasi tu, na boti ya mita 18 ya chuma huchelewa kutii. Funga milango nyuma, shusha vilango vya chini vyote, na peleka kamba ya katikati ya boti juu: izungushwe kwenye kiguzo mara moja, ncha ibaki mkononi mwa mtu. Kaa nyuma kidogo, omo (mbele ya boti) isiguse mlango wa juu wala kuingia chini ya kitu chochote kinachotokeza.

Sasa fungua kilango cha ardhini kilichoko upande uleule wa boti, nusu tu. Wengi hudhani ni kinyume. Maji ya kilango hicho hupita chini ya boti, hugonga ukuta wa pili na kurudi, yakiibana boti kwenye ukuta wake. Ukianza na kilango cha upande wa pili, boti huvutwa na kubamizwa huku na huku. Boti ikitulia, maliza kufungua, kisha fungua cha pili. Vilango vya mlangoni visiguswe mpaka matundu yake yafunikwe na maji, maana vikifunguliwa mapema humwaga maji juu ya omo, na boti nyembamba yenye mlango wa mbele wazi hujaa haraka.

Kushuka

Kushuka kunaonekana kwepesi kwa kuwa maji hayachafuki, na ndiyo sababu watu hujisahau. Boti lazima ikae mbele ya mstari mweupe muda wote. Tezi (nyuma ya boti) ikibaki juu ya kizingiti, maji yanaposhuka nyuma hupwelewa juu ya mawe huku omo ikiendelea kushuka. Boti huinama, maji huingia kwa mbele, na inaweza kuzama kabla walioko ndani hawajatoka. Anayeshika kana (mkono wa usukani) asiiache, na aangalie mstari, si simu wala mandhari. Injini iwe inaguruma taratibu, gia ya mbele kidogo panapohitajika, lakini omo isibanwe kwenye milango ya chini.

Kosa la pili ni kufunga kamba. Kamba iliyofungwa fundo wakati wa kushuka huiacha boti ikining'inia, na fundo lenye uzito wa tani haliwezi kufunguliwa. Weka kisu kikali karibu na usukani.

Mwenye hendeli asiondoke kwenye kilango hadi maji yawe sawa. Mkubaliane neno moja la kusimamisha, au mkono ulioinuliwa juu, kwa kuwa kelele za maji humeza maneno marefu. Boti ikikwama kwenye kizingiti, shusha vilango vya chini mara moja, vyote, kisha fungua vya juu polepole ili maji yaiinue. Ikiwa mnapanda na omo imenasa chini ya kitu, fanya kinyume: funga vya juu, fungua vya chini. Mpangilio huu ujulikane na kila mtu botini, mtoto mkubwa akiwemo, kabla ya loki ya kwanza.

Sehemu za kuangalia njiani

Pale Reading, loki ya Blake's iko chini ya Environment Agency, wakala wa mazingira wanaosimamia Thames, na baada ya hapo njia ni ya Canal & River Trust, shirika linalosimamia mifereji; hakikisha leseni yako inagusa kote. Katikati ya mji mto ni mwembamba na wenye mkondo, na boti hupita kwa zamu kwa taa za barabarani: mwenye boti hubonyeza kitufe na kusubiri kijani.

Kati ya Reading na Newbury soma mbao za rangi zilizoko kwenye loki. Kijani, endelea. Njano, tafakari sana kama wewe ni mgeni. Nyekundu, funga boti na ukae. Penye loki ya mto mara nyingi pana banio pembeni, yaani ukuta unaozuia mto na kuacha maji yapite juu, na mkondo huvuta kuelekea huko. Ongeza moto kidogo unapokata kuingia njia ya loki, kwa sababu boti isiyo na kasi haitii usukani. Nanga iwe imeshafungwa kwenye mnyororo na kamba, tayari omoni, si chini ya vitanda. Loki za Garston na Monkey Marsh zina kuta za majani zilizolala. Boti ikae kati ya vyuma vya pembeni, isiegemee mteremko.

Mjini Devizes kuna Caen Hill: loki 29 zinazoshuka mita 72 kwa kilomita 3 hivi, 16 kati yake zikiwa mstari mmoja kama ngazi. Tenga saa tano au sita na uulize mapema saa za kuingia. Tafuta boti ya pili mshuke pamoja, mtu mmoja atangulie kuandaa loki inayofuata, mwingine abaki kufunga nyuma. Maji kati ya loki na loki ni mafupi, yamepanuliwa kwa mabwawa ya ubavuni. Upepo ukikusukumia huko utakwama kwenye tope. Usifungue vilango ovyo, kwa sababu kipande cha juu kikikauka, boti iliyopo hapo hupwelewa.

Kushukia Bath kuna loki 6 za Widcombe, mojawapo ikiwa na kina cha karibu mita 6. Inaitwa Bath Deep Lock na ina namba 8/9, kwa sababu ni loki mbili zilizogeuzwa moja mwaka 1976. Kamba ya kawaida haifiki. Andaa mbili za mita 15 au zaidi, na ufungue vilango robo robo.

Baada ya Bath ni mto tena hadi Hanham, na hapo wenyeji wa pwani watakuta jambo wanalolijua. Maji ya bamvua (maji makubwa ya bahari) ya Bristol Channel hupita juu ya banio la Netham, pale pa kuingilia bandari ya Bristol, na kupanda Avon kuelekea Hanham. Angalia jedwali la maji kujaa na kupwa, mpigie simu msimamizi wa loki ya Netham kabla ya kuondoka Hanham, na uwe tayari kulipa ada ya bandari.