Kuzungumza kwa Kasi ya Kalamu: Mwongozo kwa Wakili Anayesimama Mahakamani

Mafunzo mengi ya kuzungumza mbele ya hadhara humwandaa mtu kwa ukumbi uliojaa watu wanaopaswa kuguswa au kuchekeshwa. Mahakama za Tanzania hazina jopo la raia wa kuamua hatia kama ilivyo Marekani. Anayeamua ni hakimu au jaji, na mara nyingi yeye huyo ndiye anayeandika ushahidi kwa mkono wake huku shahidi akiendelea kuzungumza. Mafunzo hayo yatakufaa, lakini sharti uyageuze yamfae msikilizaji mmoja mwenye kalamu.

Hatua ya 1: Izoeshe sheria kinywani kwa Kiswahili

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ilhali wengi wetu tulisomeshwa sheria kwa Kiingereza. Matokeo yake ni wakili anayekwama katikati ya sentensi akitafuta neno, na ukwamaji huo humfanya aonekane hana hakika na hoja yenyewe. Chukua hati ya mashtaka ya shauri ulilonalo, kisha ieleze kwa sauti kwa ndugu asiyejua sheria, bila karatasi. Pale anapokuuliza "una maana gani?" ndipo pa kurudia.

Hatua ya 2: Pima kasi yako kwa kalamu ya mtu mwingine

Hili ndilo zoezi ninalolisisitiza kuliko mengine yote kwa mawakili wachanga. Mwombe mwenzako akae mbele yako na karatasi, umwongoze "shahidi" kutoa ushahidi, naye aandike kila jibu kwa mkono. Mkimaliza, soma alichoandika. Utashangaa ni mambo mangapi uliyoyaona mazito ambayo hayamo, kwa sababu uliuliza swali jipya kabla hajamaliza kuandika jibu la awali.

Dawa yake ni swali fupi lenye jambo moja. Tazama swali hili: "Ulipofika nyumbani usiku ule ukakuta mlango umevunjwa, ulifanya nini na nani alikuwepo?" Limebeba mambo matatu, na zaidi ya hayo limempa shahidi jibu kuhusu mlango, jambo ambalo upande wa pili una haki ya kulipinga. Livunje: "Ulifika nyumbani saa ngapi?" "Ulikuta nini?" "Mlango ulikuwa katika hali gani?" "Nani mwingine alikuwepo?" Kati ya swali na swali, tazama kalamu ya hakimu, na usiendelee mpaka isimame. Kimya hicho kitakutisha mwanzoni, hasa ukiwa na mteja anayedhani wakili hodari ni yule asiyenyamaza.

Hatua ya 3: Teremsha sauti wakati wa dodoso

Dodoso ni maswali unayomuuliza shahidi wa upande wa pili. Hapa sheria inakuruhusu kumwekea shahidi jibu ndani ya swali, na ndipo mawakili wengi hupandisha sauti bila sababu. Tuseme shahidi anadai alimtambua mshtakiwa usiku. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980, mahakama hupima utambuzi wa namna hiyo kwa mambo kama mwanga, umbali, muda wa kumtazama mtu na kama shahidi alimfahamu kabla. Fanya kila jambo kuwa swali lake: "Taa pekee iliyowaka ilikuwa chemli?" "Chemli hiyo ilikuwa ndani?" "Wewe ulikuwa uani?" "Mlango ulikuwa umefungwa?" Sauti tulivu humfanya shahidi ajibu kabla hajajihami, na majibu manne mafupi huandikika yote. Ukishalipata jibu unalolitaka, usimwombe alifafanue.

Hatua ya 4: Simama, pinga, keti

Pingamizi ni hotuba ya sentensi moja: "Mheshimiwa, napinga swali hilo kwa kuwa linampa shahidi jibu." Lifanyie mazoezi ukiinuka kitini, maana tatizo huwa ni kuchelewa kuinuka zaidi kuliko kutojua sheria.

Hatua ya 5: Tafuta hadhira, kwa tahadhari

Midahalo na mashindano ya mahakama za mfano vyuoni vinafaa sana. Hata kuwa mshereheshaji kwenye harusi hufundisha kutawala sauti na muda, ila mizaha iache huko huko ukumbini. Pa kuutumia ufasaha wako ni kwenye maombi ya dhamana na pale unapoomba mteja apunguziwe adhabu, kwa kuwa majumuisho ya mwisho mara nyingi huwasilishwa kwa maandishi. Hata hapo, tanguliza mambo mahususi: kwamba ni mkosaji wa mara ya kwanza, muda aliokaa mahabusu, watu wanaomtegemea. Huruma ije baadaye, ikibidi.

Hatua ya 6: Jisome katika mwenendo wa shauri

Shauri likiisha, omba nakala ya mwenendo, yaani kumbukumbu ya mahakama ya yaliyosemwa, na uilinganishe na maswali uliyoyaandaa. Weka alama kila mahali ambapo jibu ulilolipata halikuandikwa au limeandikwa nusu, kwa sababu ukikata rufaa, majaji watasoma kilichoandikwa humo, na sauti yako nzuri haitakuwamo. Alama hizo ndizo utakazoanza nazo utakaporudia zoezi la hatua ya pili.