Dodoma hadi Manyoni kwa pikipiki: nyoosha nyonga kabla kiuno hakijalia

Nilipoanza kwenda Manyoni kufunga pampu za maji, nilikuwa naondoka Dodoma mjini na kufika bila kusimama hata mara moja, kilomita 120 na ushei. Siku moja nimeingia sheli kule, nataka kushusha mguu wa kushoto, mguu hauji. Paja limekufa ganzi, goti limekaza. Pikipiki ikalala upande na mimi nikiwa chini yake, mfuko wa spana umenibana kifundo. Kijana wa pale alikuja mbio akaniinua. "Pole mzee, umeumia?" Kifundo kilivimba wiki nzima.

Tangu siku hiyo nasimama njiani, na nataka na wewe usimame.

Ukikaa na magoti yamekunjwa saa mbili, misuli ya mbele ya nyonga inabaki imejikunja. Misuli hiyo imeanzia ndani kabisa, kwenye pingili za uti wa mgongo sehemu ya kiuno, ikashuka mpaka juu ya paja. Ukiinuka ghafla inavuta pingili, nawe unashika kiuno unalalamika. Watu wanajikanda mgongo miaka na miaka, kumbe kinachodai ni nyonga.

Asubuhi kabla ya kuondoka usijivute sana, mwili bado wa baridi. Tembea kidogo, zungusha mabega, chuchumaa na kuinuka mara kumi. Inatosha.

Kituo changu kikubwa ni Bahi, karibu nusu ya njia, kwenye mashamba ya mpunga. Toka kabisa barabarani, maana malori ya kwenda Rwanda na Burundi yanapita hapo kwa kasi. Zima injini, vua helmeti, tembea dakika mbili. Kisha tafuta mti wa kushika. Usishike pikipiki: stendi ya pembeni ikizama kwenye mchanga, inakuangukia, na ekzosi bado ya moto.

Peleka mguu wa kulia nyuma hatua ndefu, wa kushoto ubaki mbele, goti lake limekunjwa kidogo. Kisigino cha nyuma kikiinuka si neno. Sasa kaza kalio la kulia, kaza na tumbo, halafu sukuma nyonga mbele polepole huku kifua kimesimama wima. Utasikia mvuto mbele ya paja la kulia, juu kabisa. Ukiusikia kiunoni badala ya hapo, umebinua mgongo. Rudi nyuma kidogo, kaza tumbo upya. Kaa hivyo pumzi sita za taratibu, kama sekunde 30, kisha badilisha mguu. Usidundedunde. Ukiwa na dakika mbili tu za kusimama, fanya hili, mengine yaache.

Ukipata nafasi zaidi, weka kisigino juu ya jiwe la chini, goti lisikazwe, uiname kutokea nyonga. Hapo nyuma ya paja inalegea. Shingo usiizungushe duara. Lalisha sikio kuelekea bega, upande huu, kisha ule.

Mikono ina habari yake. Ganzi ya vidole inaletwa na mtetemo, na kushika usukani kama unaogopa utakimbia. Nyoosha mkono mbele, kiganja kitazame juu, uvute vidole chini kwa mkono wa pili. Halafu kagua leva ya klachi. Pikipiki nyingi ninazoziona leva imeinuka mno, kifundo cha mkono kinakuwa chini na kiganja kimepinda saa nzima. Legeza bolti, ishushe mpaka vidole, kiganja na mkono vikae mstari mmoja. Kazi ya dakika tatu, na utashangaa.

Kintinku nasimama tena kabla ya kupanda ukingo wa Bonde la Ufa, lakini si kwa muda mrefu: nyonga, maji, naondoka. Maji usiyadharau. Upepo wa huku ni mkavu, unakausha jasho kabla hujaliona, ukadhani hujapoteza kitu.

Kunyoosha kunavuta, hakuumizi. Maumivu yakishuka chini ya goti, au ganzi isiyoisha ukishapumzika, nenda hospitali. Na ukipoteza hisia sehemu za siri au ukashindwa kuzuia haja, nenda saa hiyo hiyo, usingoje kesho.

Jioni nikirudi nyumbani nalala chali sebuleni, vigimbi juu ya kiti, dakika tano. Binti yangu mdogo hujilaza pembeni na miguu yake juu ya kiti hicho hicho, ananihesabia pumzi.