Lamu kwa gari binafsi: kutoka Malindi na kurudi siku hiyohiyo

Jaza tangi Malindi, pima upepo wa magurudumu, la akiba pia, kisha toka saa kumi na mbili asubuhi. Kila abiria awe na kitambulisho: baada ya Garsen kuna vizuizi vya polisi, na asiye nacho anaweza kuwarudisha wote. Kupitia Witu hadi Mokowe ni kama kilomita 220. Hapo gari hukoma. Lamu ni kisiwa. Patana bei ya kulilinda kabla hujashuka, kisha panda boti. Maji yakipwa, vidato vya chini vya gati huota mwani na kuteleza vibaya. Mshike mzee mkono. Mjini tembea: Ngome iliyokamilika 1821, halafu vichochoro, ukiwapisha punda. Saa saba na nusu uwe gatini. Barabara ile si ya usiku.