Somo: Mdimu, kutoka kokwa hadi chupa ya achari

Somo hili linahusu mdimu wa pwani, kichaka chenye miiba kinachozaa ndimu ndogo za duara zenye ganda jembamba, zile tunazokamulia samaki, kachumbari na mahindi ya kuchoma. Nalisema hili mapema kwa sababu sehemu nyingi za bara, na Kenya vilevile, majina ya ndimu na limau hubadilishana, na mtu anayekwenda kitaluni kuomba mche wa ndimu anaweza kurudi nyumbani na mlimau. Ukitaka kuhakikisha, tazama majani. Ya mdimu ni madogo na kikonyo chake kina ukingo mwembamba kama ubawa pande zote mbili, ilhali limau huwa refu, lina chuchu nchani, na ganda lake ni nene zaidi.

Nimelima midimu Muheza kwa miaka mingi, na ya kwanza niliyoipanda ilikufa karibu yote. Nilikuwa nimeichimbia mashimo mazuri, nikaimwagilia kila siku, kisha nikarundika samadi hadi ikagusa shina, nikiamini kwamba ninaitunza. Baadaye nilielewa kwamba mdimu huvumilia kiu kuliko unavyovumilia kulowa shingoni, yaani pale shina linapoingia ardhini, na karibu kila ninachoeleza hapa kinarudi kwenye shingo hiyo.

Hatua ya kwanza: Kupata mche

Ndimu ina sifa ambayo wengi hawaijui. Kokwa moja ya ndimu mara nyingi huotesha miche miwili au mitatu, na mingi kati yake haitokani na uchavushaji bali na chembe za mti mama wenyewe, kwa hiyo hufanana naye kabisa. Mwembe wa kokwa unaweza kukuletea embe usilolitarajia, lakini mdimu wa kokwa kwa kawaida hukuletea ndimu ileile uliyoila. Chagua tunda lililoiva hadi kuwa la manjano kutoka kwenye mti wenye afya, toa kokwa, osha ute wake, kisha zipande siku hiyohiyo katika viriba kwa kina cha sentimita moja au mbili, kwani kokwa iliyokauka hupoteza uhai haraka. Miche huchomoza baada ya wiki mbili hadi nne. Katika kila kiriba acha mmoja wenye nguvu, na uondoe ule uliodhoofu au ambao majani yake yana umbo tofauti na ya wenzake.

Mdimu wa kokwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi sita. Asiyeweza kungoja anaweza kuotesha mizizi kwenye tawi likiwa bado mtini. Wakati wa mvua, chagua tawi lenye unene wa kidole kidogo, bandua ganda lake kwa kulizunguka upana wa sentimita mbili au tatu, kwangua ute wa kijani uliobaki juu ya mti, kisha funika jeraha kwa vumbi la makumbi ya nazi lililoloweshwa na kukamuliwa. Lifunge kwa nailoni na ulikaze ncha zote mbili. Baada ya miezi miwili hivi utaiona mizizi myeupe kupitia nailoni, na hapo ukate chini ya mizizi na kulihamishia tawi katika kiriba kivulini kwa wiki kadhaa. Miche ya kubebesha, yaani iliyoungwa juu ya shina la mti mwingine, inayouzwa vitaluni nayo ni mizuri, mradi utambue palipoungwa, kwa kuwa chipukizi lolote litokalo chini ya hapo ni la mti mwingine na lazima liondolewe.

Hatua ya pili: Mahali na shimo

Mdimu unataka jua la siku nzima na udongo usiotuamisha maji. Kabla ya kuchimba shimo kubwa, chimba dogo, lijaze maji jioni, ukalitazame asubuhi. Ukiyakuta maji bado yapo, hamia mahali pengine au uinue tuta la nusu mita na kupanda juu yake. Shimo lenyewe liwe la sentimita 60 kila upande na kwenda chini. Tenga udongo wa juu na ule wa chini, kisha uchanganye wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri, iliyopoa na isiyonuka. Kati ya mdimu na mdimu acha mita tano.

Hatua ya tatu: Kupanda

Panda mwanzoni mwa masika au vuli. Chana kiriba bila kuvunja bonge la udongo, na uuweke mche ili shingo yake ibaki juu kidogo ya usawa wa ardhi, kwa sababu udongo uliofukuliwa utashuka na kuondoka nao. Mche wa kubebesha usifukiwe hata kidogo pale palipoungwa.

Hatua ya nne: Maji, mbolea na matandazo

Usimwage maji shinani. Chora mfereji wa duara chini ya ncha za matawi, maana mizizi inayokunywa iko huko, kisha mimina humo ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki katika kiangazi cha mwaka wa kwanza. Udongo wa kichanga utahitaji zaidi na wa mfinyanzi utahitaji pungufu. Samadi na matandazo ya nyasi nayo yawekwe kwenye duara hilo, yakiacha shingo wazi kwa upana wa kiganja. Ukiona gundi ya rangi ya kahawia inatoka chini ya shina, kuvu la udongoni limekwisha kuingia, na kila siku unayochelewa kufukua udongo uliolizunguka shina inaupunguzia mti nafasi ya kupona.

Mdimu uliokomaa huchanua vizuri baada ya kuonjeshwa kiu. Ukiunyima maji kwa mwezi mmoja hivi, kisha ukaumwagilia kwa wingi, maua hufuata baada ya wiki chache, na kutoka ua hadi tunda la kuchuma ni miezi mitano au sita. Anayetaka kuwa na ndimu za kuuza mwezi wa Ramadhani, wakati ambapo hakuna nyumba ya pwani isiyozihitaji, ahesabu kurudi nyuma kutoka hapo. Akumbuke pia kwamba Ramadhani hutangulia kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, hivyo hesabu ya mwaka jana haitamfaa mwaka huu.

Hatua ya tano: Wadudu

Kiwavi anayekula majani ya mdimu hujificha kwa namna ya ajabu, kwani akiwa mdogo hufanana na kinyesi cha ndege na akikua huwa wa kijani kama jani. Ukimgusa hutoa pembe mbili laini zenye harufu kali. Mwokote kwa mkono kila asubuhi, kwa kuwa viwavi wachache tu wanaweza kuuacha mche mdogo bila jani. Vidukari, ambao hukusanyika kwenye machipukizi, ni hatari zaidi kuliko wanavyoonekana, maana wanaweza kueneza virusi vya tristeza vinavyoudhoofisha mdimu hadi ukauke. Wapulizie maji yenye sabuni kidogo wakati wa jioni.

Hatua ya sita: Kuchuma

Subiri umande ukauke. Ndimu iliyochumwa ikiwa imelowa hupasuka vifuko vya mafuta katika ganda lake inapobanwa, na baada ya siku mbili huota madoa ya kahawia yanayoishusha bei sokoni. Ikate kwa mkasi ukiacha kikonyo kifupi, wala usiutikise mti. Za sokoni huchumwa zikiwa za kijani kilichokolea na ganda laini linalong'aa, na za achari huachwa ziwe za manjano.

Hatua ya saba: Jikoni

Katika mchuzi wa nazi, ndimu iingie sufuria ikishateremshwa motoni, la sivyo tui litakatika. Hilo wapishi wetu wanalijua, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye achari, ambayo vijana wengi sasa wanainunua dukani.

Kwa kilo moja ya ndimu za manjano tumia gramu 150 za chumvi ya mawe. Osha ndimu, zifute, kisha ziache zikauke kabisa, kwani tone la maji ndilo linaloleta ukungu. Zichanje msalaba bila kuzitenganisha, zijaze chumvi ndani ya michanjo, na uzipange katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Chombo cha aluminiamu huliwa na ukali wa ndimu, kwa hiyo usikitumie. Anika chupa juani kila siku, uiingize ndani usiku na kuitikisa asubuhi. Baada ya wiki mbili hadi tatu za jua kali ganda litalainika na kugeuka rangi ya kahawia. Hapo ndipo utakapotia pilipili iliyotwangwa, kitunguu thomu, tangawizi na bizari, kisha uongeze maji ya ndimu mbichi hadi yafunike kila kipande. Ngoja wiki moja nyingine ndipo upakue. Achari iliyotengenezwa hivi ikiliwa na pilau hukata mafuta na kuamsha ulimi, na kwa maoni yangu siki ya dukani haiifikii.

Maswali ya wanachama

Swali (Lamu): Shikamoo mwalimu. Majani machanga ya mdimu wangu yamekuwa ya njano, lakini mishipa yake imebaki ya kijani. Je, niukate?

Jibu: Marahaba. Usiukate. Ardhi yenu ya matumbawe ina chokaa nyingi, na chokaa huyazuia madini ya chuma na zinki yasichukuliwe na mizizi. Ongeza samadi na mboji, acha kabisa kumwaga majivu shinani, na utafute mbolea ya majani yenye madini hayo. Ungekuwa na wasiwasi zaidi kama njano ingekuwa mabaka yasiyolingana, upande mmoja wa jani ukiwa tofauti na mwingine, kwa sababu hiyo inaweza kuwa dalili ya ugonjwa unaoenezwa na chawa wa michungwa, na mti wenye ugonjwa huo hauponi. Mabaka ya namna hiyo mwoneshe bwana shamba.

Swali (Mombasa): Mdimu wangu una miaka saba, umenawiri sana na una miiba mirefu, lakini haujawahi kuchanua. Nimeupa mbolea ya kila aina.

Jibu: Ndugu yangu, huenda mbolea hiyo ndiyo sababu. Naitrojeni nyingi pamoja na maji yasiyokatika huufanya mti uote majani na kusahau matunda, kwa hiyo acha mbolea kwa msimu mmoja na uuonjeshe kiu kama nilivyoeleza. Angalia pia kama unapata jua la kutosha. Iwapo ulikuwa mche wa kubebesha, chunguza shina chini ya palipoungwa, maana inawezekana kwamba sehemu ya juu ilikufa zamani na unayoitunza ni machipukizi ya shina la chini.

Swali (Maskati): Asalaam aleikum. Nakuja Tanga mwezi ujao. Je, nilete vijiti vya mdimu wa huku, kwa kuwa ndimu zetu za kukausha zinasifiwa sana?

Jibu: Waaleikum salaam. Nakuomba usilete kijiti hata kimoja. Tangu miaka ya 1970 midimu ya Oman, hasa ya uwanda wa Batinah, imeshambuliwa na ugonjwa uitwao ufagio wa mchawi, ambao huufanya mti uote vitawi vingi vyembamba vilivyosongamana na kisha kuua tawi baada ya tawi, na umekwisha kuangamiza midimu mingi mno huko. Kijiti kinachoonekana kizima kinaweza kuubeba. Zawadi nzuri ni loomi zenyewe, yaani ndimu zilizochemshwa katika maji ya chumvi na kukaushwa juani hadi zikawa nyeusi, nasi tutazitoboa na kuzitia katika mchuzi wa nyama.

Swali (Tanga mjini): Nilikamua ndimu nyingi nje, juani, na siku iliyofuata mikono yangu ilikuwa na malengelenge kama ya moto. Sasa yamebaki madoa meusi. Je, ni mzio?

Jibu: Pole sana, dada. Kwa maelezo yako hilo linaelekea si mzio. Ndimu, hasa ganda lake, lina kemikali ambayo ikibaki kwenye ngozi na kupigwa na jua huunguza kwelikweli, na madoa yake yanaweza kudumu kwa wiki au miezi kabla ya kufifia. Malengelenge yakiwa makubwa, nenda kituo cha afya. Siku nyingine kamulia ndani, osha mikono kwa sabuni hadi viwikoni kabla ya kutoka, na msiwaruhusu watoto kuchezea maganda juani.

Swali (Pemba): Maji moto wamejenga viota mdimuni mwangu na siwezi kuchuma. Niwaue?

Jibu: Ningekuwa mimi nisingewaua, kwa sababu sisimizi hao huwinda viwavi na kunguni wengi wanaoharibu matunda. Siku ya kuchuma jipake majivu mikononi, uanze upande usio na kiota, na ukate tawi lolote linalogusa ukuta au mti wa jirani ili njia zao ziwe chache. Hata hivyo, ukiona wanalinda wadudu gamba kwenye vitawi, kata vitawi hivyo na uvichome moto mbali na shamba.